Vifaa vya nje vikiharibiwa na mvua, radi au chumvi, nani alipe?

MVUA ya masika inapoanza kunyesha, kati ya Machi na Mei, mafundi wa vifaa vya elektroniki hupata wateja wengi kuliko msimu mwingine wowote. Wapo wanaoleta kamera za usalama zilizojaa ukungu ndani ya kioo, wapo wa mota za lango zilizogoma kufunguka, na wapo wanaobeba inveta ya sola inayonuka moshi.

Wengi wao huwa wameanzia kwa aliyewauzia, nao wakapewa jibu lile lile: kifaa kimeingia maji, na dhamana haihusu maji.

Aghalabu mnunuzi hulikubali jibu hilo, akarudi nyumbani na kutafuta pesa za kununua kifaa kingine. Hata hivyo, sheria za Kenya haziliachi jambo hilo kuishia hapo. Kifaa kilichouzwa ili kifungwe nje kiliuzwa ili kinyeshewe, na kwa kifaa kama hicho mvua ya kawaida ni kazi ya kila siku wala haiwezi kuitwa ajali.

Kwa sababu hiyo, kuthibitisha kwamba maji yaliingia hakumalizi mzozo. Kinachosalia kuulizwa ni kwa nini yaliingia katika kitu ambacho mnunuzi aliambiwa, kwa mdomo au kwa maandishi, kwamba kinastahimili mvua.

Sheria ya tangu 1931

Sheria kongwe zaidi katika suala hili ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika nchini Oktoba 1, 1931, ikifuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1893. Walioitunga hawakuwahi kuona kamera ya usalama wala paneli ya sola, lakini vifungu vyake vya 15 na 16 ndivyo vinavyomfaa zaidi mwenye vifaa hivyo leo.

Kifungu cha 15 kinasema kwamba bidhaa inayouzwa kwa kuelezwa lazima ilingane na maelezo yake. Ikiitwa kamera ya nje, iwe kamera ya nje.

Kifungu cha 16 kina mambo mawili. La kwanza ni kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia kuifanyia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kwamba anautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi bidhaa hiyo ni sharti iifae kazi hiyo. La pili ni kwamba bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu anayeiuza kama biashara yake lazima iwe na ubora unaostahili kuuzwa.

Masharti hayo hayahitaji kuandikwa popote. Yamo ndani ya kila uuzaji, hata ule wa kaunta usio na karatasi nyingine ila risiti.

Udhaifu wa sheria hiyo ulikuwa kwamba iliwaruhusu muuzaji na mnunuzi kukubaliana kuyaondoa masharti hayo, na kwa kawaida aliyeandika makubaliano alikuwa muuzaji. Hali ilibadilika baada ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Bunge lilifuata kwa kupitisha Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Bidhaa, nambari 46 ya mwaka wa 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013. Chini ya sheria hiyo, sharti lolote katika mkataba wa mtumiaji linalodai kuondoa au kupunguza haki zilizo katika sheria ya 1931 ni batili.

Hivyo basi, bango la 'bidhaa zikishauzwa hazirudishwi', linaloning'inia katika maduka mengi, lina nguvu ndogo kuliko linavyoonekana. Linaweza kumzuia mtu aliyebadili nia baada ya kufika nyumbani. Aliyeuziwa kitu kisichofaa halimfungi.

Kadi ya dhamana nayo imekuwa chanzo cha kutoelewana kukubwa. Dhamana ya mtengenezaji ni ahadi ya ziada, na mtengenezaji anaweza kuiwekea mipaka yake: mwaka mmoja, bila maji, bila radi, bila kufunguliwa na fundi mwingine. Wajibu wa muuzaji chini ya Sura ya 31 ni jambo tofauti. Hautokani na kadi hiyo, na haukomi siku kadi inapokwisha muda. Muuzaji anayemwelekeza mnunuzi kwa kiwanda kilicho ng'ambo anajaribu kumtwika mtu mwingine mzigo ambao sheria imemwekea yeye.

Maneno matano kwenye risiti

Chukua mfano wa mkazi wa Likoni, Mombasa, ambaye nyumba yake haiko mbali na bahari. Anaingia dukani na kueleza kwamba anataka kamera nne za kufunga ukutani, upande unaopigwa na upepo wa bahari. Muuzaji anamchagulia aina fulani, anamhakikishia kwamba ni za nje, naye analipa Sh48,000.

Miezi saba baadaye skrubu zimeota kutu, mpira wa kuzuia maji umepasuka, na kamera mbili hazionyeshi kitu. Muuzaji anafungua moja, anamwonyesha unga mweupe juu ya bodi, na kumwambia kwamba hiyo ni chumvi, na kwamba yeye hana uwezo juu ya hali ya hewa.

Katika hali kama hiyo, maelezo ya muuzaji yanamlemea mwenyewe. Mnunuzi alisema kamera zitafungwa wapi, na akamwachia muuzaji achague. Upepo wa bahari si kitu cha kumshangaza mfanyabiashara wa Mombasa. Unavuma kaskazi na kusi, mwaka nenda mwaka rudi. Akisema kwamba chumvi ndiyo iliyoharibu kamera, amekiri kwamba alimchagulia mteja bidhaa isiyofaa kazi aliyoelezwa.

Sasa kigeuze kisa hicho kidogo. Mkazi huyo anaingia dukani akiwa na jina la kampuni na nambari ya aina ya kamera aliyoiona kwa jirani, anaitaja, anapewa, analipa. Hapa sheria haimpi kinga ile ile. Kifungu cha 16 kinaeleza kwamba anayenunua bidhaa mahsusi kwa jina lake la kibiashara hahesabiwi kuwa alitegemea ujuzi wa muuzaji kuhusu kazi itakayoifanya. Atabaki na haki ya kupata kitu kinacholingana na maelezo na chenye ubora wa kuuzika, lakini hoja ya chumvi ya Likoni itakuwa imempungukia.

Vivyo hivyo, akiikagua bidhaa kabla ya kulipa na mpira uliopasuka ukawa unaonekana waziwazi, hawezi baadaye kulalamikia mpira huo. Na ikiwa boksi liliandikwa kwamba kifaa ni cha matumizi ya ndani, kesi yake ni nyembamba mno, isipokuwa muuzaji alimwambia vingine.

Kwa hivyo mazungumzo ya kaunta, ambayo watu huyachukulia kuwa porojo za kutafuta bei, yana uzito mkubwa kuliko kadi ya dhamana. Tatizo ni kwamba hayaachi alama. Mnunuzi mwerevu humwomba muuzaji aandike kwenye risiti maneno matano tu: 'kamera nne za nje, Likoni'. Muuzaji anayekataa kuyaandika maneno hayo amemwambia mteja jambo la maana kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Herufi IP na nambari mbili

Vifaa vingi vya nje huwa na herufi IP zikifuatwa na nambari mbili, mathalani IP44, IP65 au IP67. Herufi hizo zinatokana na kipimo cha kimataifa cha IEC 60529. Nambari ya kwanza, kutoka 0 hadi 6, inahusu vumbi na vitu vigumu. Ya pili, kutoka 0 hadi 9, inahusu maji.

Nambari ya pili ikiwa 4, kifaa kimejaribiwa kwa maji yanayorushwa kutoka pande zote. Ikiwa 5, kimepigwa kwa maji yanayotoka kwa mkondo, na 6 ni mkondo wenye nguvu zaidi. Saba maana yake kilizamishwa kwa muda katika maji yasiyozidi kina cha mita moja, kwa dakika 30. Nane ni kuzama zaidi ya hapo, kwa masharti yanayotajwa na mtengenezaji mwenyewe.

Kuna mtego hapa ambao hata mafundi huuangukia. Kifaa cha IP67 hakikupita lazima jaribio la mkondo wa maji la IP66, kwa kuwa kuzamishwa polepole na kupigwa kwa maji ni majaribio mawili tofauti. Kilichofaulu yote mawili huandikwa nambari zote mbili. Mvua inayopigwa na upepo dhidi ya ukuta hufanana zaidi na mkondo kuliko na ndoo ya maji.

Isitoshe, majaribio hayo hufanywa kwa maji matamu na kwa kifaa kipya. Hayapimi kutu, hayapimi chumvi, wala hayapimi jua linalokausha mpira na kupasua plastiki mwaka baada ya mwaka. Chumvi ina vipimo vyake, na kwa paneli za sola kipimo kinachotumika ni IEC 61701. Anayenunua paneli za kufunga Malindi au Lamu ana haki ya kuuliza kama zilipimwa hivyo.

Kisheria, nambari hizo ni sehemu ya maelezo ya bidhaa. Boksi likisema IP66 na mvua ya usiku mmoja ikajaza kamera maji, ilhali ilifungwa ipasavyo, bidhaa hailingani na maelezo yake. Iwapo nambari ilibandikwa tu bila kipimo chochote kufanywa, hilo ni jambo zito zaidi: ni maelezo ya uongo kuhusu ubora, ambayo sheria ya 2012 inayaita mwenendo usio wa haki. Mtumiaji aliyeingia katika mkataba kwa njia hiyo anaweza kuuvunja kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu aufanye. Sheria ya Ushindani, nambari 12 ya mwaka wa 2010, nayo inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamishi ya namna hiyo.

Zipo bidhaa zisizo na nambari yoyote, zilizoandikwa tu kwamba haziingii maji. Maneno hayo hayana kipimo, lakini hayakosi maana. Muuzaji aliyeyatumia kunasa mteja hawezi kuyageuka baadaye na kudai yalikuwa mapambo ya boksi.

Radi, mawe na mafuriko

Si kila uharibifu wa hali ya hewa unaweza kudaiwa kwa muuzaji, na mnunuzi anayedai kila kitu hujipotezea hata kile anachostahili.

Radi ni mfano ulio wazi. Eneo linalozunguka Ziwa Viktoria, kuanzia Kakamega hadi Kisii, hupigwa na radi mara nyingi. Radi haihitaji kuigusa nyumba ili iharibu kifaa. Ikipiga karibu na nyaya, umeme hupanda ghafla na kupita katika waya wa stima, wa dishi au wa kamera, ukaunguza bodi. Hakuna kamera ya kawaida iliyoundwa kustahimili jambo hilo peke yake, na kwa hivyo ni vigumu kusema kwamba ilikuwa mbovu ilipouzwa.

Hata hivyo, hasara hiyo si lazima iachwe mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Kwanza, kama muuzaji au fundi alilipwa kufunga mfumo mzima, inafaa kuulizwa kama aliweka waya wa ardhini na kifaa cha kukinga umeme unaopanda ghafla. Sheria ya 2012 inataka huduma nazo ziwe na ubora wa kuridhisha, na fundi anayefunga mfumo wa sola juu ya mlima huko Kisii bila waya wa ardhini hawezi kusingizia radi kwa urahisi.

Pili, kuna bima. Sera nyingi za bima ya moto kwa nyumba hutaja radi pamoja na moto. Wenye nyumba wengi hulipia bima hiyo kwa sababu benki iliyowakopesha iliwalazimisha, kisha hawaisomi. Jambo la kuangalia ni kama sera inahusu vifaa vilivyo nje ya kuta, na kama inahusu umeme unaopanda hata pasipo moto kuwaka.

Tatu, ikiwa umeme ulioharibu kifaa ulitoka katika nyaya za msambazaji, Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 inatambua fidia kwa mteja ambaye mali yake imeharibiwa na umeme usio na ubora unaofaa. Kazi kubwa hapo ni kuthibitisha. Majirani watano waliopoteza televisheni usiku mmoja, saa moja, ni ushahidi bora kuliko mtu mmoja mwenye kamera moja, na ni vyema waandike malalamishi yao siku hiyo hiyo.

Mvua ya mawe ina hesabu yake. Kericho na Nandi zinajulikana kwa mawe yanayochana majani ya chai, na paneli za sola zimefungwa katika mapaa mengi huko. Kipimo cha kimataifa cha paneli, IEC 61215, kina jaribio la kuzipiga kwa tufe la barafu lenye kipenyo cha milimita 25 kwa kasi ya mita 23 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 83 kwa saa. Paneli iliyouzwa kuwa imepita kipimo hicho, ikapasuliwa na mawe madogo kuliko hayo, ina maswali ya kujibu. Mawe makubwa kuliko hayo ni mzigo wa bima. Lakini mawe huyeyuka kabla ya shahidi kufika, ndiyo maana ni busara kuyapiga picha yakiwa kando ya sarafu au rula kwanza, kisha ndipo mtu apande darini kukagua paa.

Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliwaacha watu wengi na vifaa vilivyozama. Taa au mota ya lango ya IP65 haikuahidi kuzama, na muuzaji wake hana deni kwa hilo. Joto nalo hubishaniwa mara chache, ijapokuwa linaua betri na inveta nyingi Garissa na Lodwar. Vitabu vya maelezo hutaja kiwango cha juu cha joto ambacho kifaa kinaweza kufanya kazi, na inveta iliyofungwa chini ya mabati bila nafasi ya hewa hukipita kiwango hicho mchana kweupe. Hapo wa kuulizwa ni aliyechagua mahali pa kuifunga.

Mjusi anayeingia ndani ya mota ya lango kutafuta joto, akakufa juu ya bodi na kuiunguza, si hali ya hewa hata kidogo. Lakini tundu alilopitia ndilo tundu la maji, na picha yake isitupwe.

Fundi na muuzaji wanaposukumiana

Kesi nyingi za vifaa vya nje hukwama kwa sababu aliyeuza ni mmoja na aliyefunga ni mwingine. Muuzaji husema fundi hakukaza kizibo cha mpira pale waya unapoingia. Fundi husema kamera ilikuja na ufa. Mwenye nyumba huachwa katikati.

Nao ukweli ni kwamba maji mengi huingia kupitia waya. Waya unaoshuka kutoka juu hadi kwenye kisanduku, bila kupindwa chini kidogo kabla ya kuingia, huyaongoza maji moja kwa moja hadi ndani, na kipimo cha IP66 hakiwezi kuzuia hilo. Tofauti huonekana kwa fundi wa tatu asiye na maslahi: kutu iliyoanzia kwenye tundu la waya inaeleza hadithi moja, na ukungu ulioenea nyuma ya kioo kilichobanwa vyema unaeleza nyingine.

Ndiyo maana mwenye kifaa hapaswi kukifungua. Kufungua huharibu ushahidi, humpa muuzaji sababu ya kukataa, na hubatilisha dhamana ya mtengenezaji mara nyingi. Akipige picha kikiwa bado ukutani, pamoja na nyaya zake, kisha akitoe kikiwa kizima.

Anayenunua vifaa na kazi ya ufundi mahali pamoja, kwa risiti moja, hujiepusha na mchezo huo wote. Kwa mifumo ya sola kuna hatua moja zaidi: mafundi na wakandarasi wa sola wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na kuomba kuiona kabla ya kazi kuanza si kukosa adabu.

Hali ni ngumu zaidi kwa aliyenunua mfumo wa sola kwa malipo ya kila siku au kila wiki kupitia simu. Taa zimezimika baada ya mvua, lakini deni linaendelea, na wakati mwingine kampuni ina uwezo wa kuufunga mfumo kutoka mbali. Sheria ya 2012 inasema kwamba masharti ya ubora yaliyo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa yanahusu pia bidhaa zilizokodishwa au kutolewa kwa njia nyingine chini ya mkataba wa mtumiaji. Kwa hivyo mteja ambaye hajamaliza kulipa ana haki ya kulalamika sawa na aliyelipa taslimu.

Kosa ambalo wengi hufanya ni kuacha kulipa kimyakimya. Kampuni haioni taa iliyozimika. Huona mteja asiyelipa. Malalamishi yaandikwe kwanza, yawe na tarehe, yaeleze kasoro, na yatake mfumo urekebishwe au ubadilishwe.

Muda na mahakama

Mnunuzi hana muda mwingi kama anavyodhani. Anaweza kushtaki kwa kuvunjwa kwa mkataba katika kipindi cha miaka sita, kwa mujibu wa Sheria ya Muda wa Kushtaki, Sura ya 22. Lakini kushtaki ni jambo moja, na kurudisha bidhaa na kudai pesa zote ni jambo jingine. Chini ya sheria ya 1931, anayekaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kumwarifu muuzaji kwamba anaikataa huhesabiwa kuwa ameipokea. Baada ya hapo anabaki na haki ya fidia tu, kama vile gharama ya kutengeneza au tofauti ya thamani.

Kwa mantiki hiyo, kamera iliyoingia ukungu wiki ya pili ilalamikiwe wiki ya pili. Kungoja hadi mwisho wa masika ili kuona kama itakauka kumewagharimu wengi.

Malalamishi ya simu hayatoshi. Barua fupi au ujumbe wa maandishi unaotaja tarehe ya ununuzi, bei, maelezo yaliyotolewa na kasoro iliyotokea, pamoja na siku ambazo muuzaji amepewa kujibu, hubadilisha sauti ya mazungumzo. Ujumbe wa simu unaweza kutumiwa kama ushahidi chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, ambayo kwa rekodi za kielektroniki inahitaji cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa katika kifaa.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) ni la kuarifiwa pale bidhaa inapoonekana kuwa ghushi au chini ya viwango. Linaweza kuiondoa sokoni. Lakini anayetaka pesa zake asikae akilisubiri, kwa sababu kumrudishia mteja mmoja Sh48,000 siyo kazi lililoundiwa.

Kazi hiyo ni ya Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria nambari 2 ya mwaka wa 2016 na kuanza kufanya kazi Milimani, Nairobi, mnamo Aprili 2021 kabla ya kufunguliwa katika miji mingine. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa na kutoa huduma. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inaitaka mahakama imalize kesi katika siku 60.

Mahakama hiyo haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi zinazotumika kwingineko, jambo linalomfaa mtu aliye na picha za simu, risiti iliyokunjamana na kamera ndani ya mfuko. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za kisheria pekee. Na pale ambapo muuzaji na fundi wanasukumiana, wote wawili wanaweza kushtakiwa katika kesi moja, ili lawama wanazorushiana zisemwe mbele ya msuluhishi mmoja, siku moja.

Mkazi wa Likoni akifika huko, atahitaji vitu vinne: risiti, picha za kamera zikiwa ukutani, maoni ya fundi asiyehusika na nakala ya barua aliyomwandikia muuzaji. Kati ya hivyo vyote, ni risiti pekee ambayo hawezi kuitengeneza baada ya mvua kunyesha.